Tupeane uzoefu: ulimfundishaje mtoto eneo la msambamba?

Mama wa mtoto wa Darasa la Sita, Morogoro
Wazazi wenzangu, nawasalimu. Mwanangu anakokotoa eneo la mstatili bila kusita, lakini akikutana na msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba, huzidisha pande mbili. Juzi nilimchorea wenye kitako cha sentimita 8, ubavu wa sentimita 5 na kimo cha sentimita 4, naye akajibu 40. Nilimpa mkasi, akakata pembetatu iliyo ubavuni kwa kufuata mstari wa kimo, akaihamishia upande wa pili, ukapatikana mstatili wa 8 kwa 4, akakubali kuwa jibu ni 32. Kesho yake, kwa mchoro mwingine, alirudia kosa lile lile. Ninyi mlivukaje hapo?

Fundi seremala, Tanga
Dada, mkasi ulimwonyesha jibu sahihi, ila haukumwonyesha kwa nini lake ni kosa. Mimi nilichukua ganda la nje la kiberiti, lile lililo wazi pande mbili, nikalilaza ubavu taratibu huku mwanangu akichungulia ndani. Pande zake nne hazikupungua hata milimita moja, lakini uwazi ulizidi kusinyaa mpaka kuta zikagusana. Nilipomuuliza kama upande mara upande bado unatoa eneo lile lile, alicheka. Sisi mafundi tunalijua hilo kwa fremu isiyopigwa papi ya mshazari: mbao ni zile zile, lakini ikilala, mlango hauingii.

Mwalimu wa shule ya msingi, Dodoma
Kiberiti ni kizuri, fundi, ila nami nilizoea kutumia rundo la madaftari, ambalo ukilisukuma likalala, ubavu wake hurefuka na eneo la uso wake halibadiliki. Siku niliyoonyesha vyote viwili katika kipindi kimoja, darasa lilivurugika, kwa kuwa kimoja kinapoteza eneo na kingine hakipotezi. Nilikuwa najiandaa kueleza, msichana mmoja akanitangulia: ganda limepungua kimo, madaftari hayakupungua. Tangu hapo ninavionyesha pamoja kwa makusudi, kisha ninanyamaza.

Bibi anayelea mjukuu, Iringa
Wangu alifahamu kimo, lakini aliamini kuwa ni lazima kisimame kuelekea juu ya karatasi. Katika msambamba wenye pande za sentimita 12 na 10, alichukua kitako cha 12 na kimo cha 6, akapata 72, ilhali kimo hicho kilikuwa cha kitako cha 10. Niligeuza karatasi mikononi mwake: 10 kwa 6 ni 60, na 12 kwa kimo chake cha 5 ni 60 vilevile. Sasa kabla ya kuzidisha hutafuta kwanza alama ya pembemraba, aone kimo kimesimama juu ya upande upi.

Mama wa Morogoro
Ahsanteni. Jana nilitumia ganda la kiberiti, na leo asubuhi, kabla sijamwuliza lolote, aliniuliza yeye: "Mama, kimo chake kiko wapi?"