Mpira ukifika kileleni eti mchapuko ni sifuri? Acheni kuwaharibu watoto!

Wakuu, nimeshikwa na hasira na leo naitua hapa.

Mdogo wangu karudi na karatasi ya mtihani wa fizikia. Swali: mpira umerushwa wima kwenda juu kwa mita 20 kwa sekunde, ukiwa kileleni, mchapuko wake (acceleration) ni kiasi gani? Dogo kaandika mita 10 kwa sekunde kwa sekunde, kuelekea chini. Kakoseshwa! Pembeni kaandikiwa kwa kalamu nyekundu: "Mpira umesimama, jibu ni 0."

Hapana jamani. Kilichofika sifuri ni kasi. Mchapuko unaeleza kasi hiyo inavyobadilika, na hivyo ni vitu viwili. Hesabuni wenyewe, tukichukua mchapuko wa mvutano wa dunia kuwa 10 kama swali lilivyoelekeza: mwanzo 20, sekunde ya 1 ni 10, ya 2 ni 0, ya 3 ni hasi 10. Kila sekunde inaondoka 10 ileile, na ikipita kwenye sifuri haipumziki. Kama pale juu mchapuko nao ungeisha, mpira ungebaki unaning'inia hewani. Nani kashauona huo mpira?

Najua lugha yetu inatutega. "Kasi" tunaitumia kwa mwendo wa gari, tunaitumia tena kwa kubadilika kwa jambo lolote. Ukimwambia mtoto mchapuko ni kasi ya kubadilika kwa kasi, umeshampoteza. Basi si ndiyo ukae naye? Wapi! Anakaririshwa "umbali gawanya kwa muda", kengele ikilia kila mtu anashika njia yake. Na fomula ile inatoa kasi ya wastani tu, siyo ya papo hapo!

Jiwe likiachiwa lidondoke, kwa hiyo 10 yetu, baada ya sekunde t limeshuka mita 5t². Sekunde ya 2 ilipotimia, lilikuwa na kasi gani? Pima kuanzia sekunde 2 hadi 3: wastani 25. Kuanzia 2 hadi 2.1: 20.5. Kuanzia 2 hadi 2.01: 20.05. Mnaiona inavyoisogelea 20? Chaki na dakika tano zinatosha, na mtoto anakuwa ameshika msingi wa calculus, hesabu ya mabadiliko, ambayo watu wa wanahisabati Newton na Leibniz waligombana miaka na miaka nani kaianza. Yeye anakaririshwa tu kanuni yake, "teremsha kipeo, punguza moja", bila hata kujua anatafuta nini.

Nilimfuata mwalimu, kwa heshima zote. Kanijibu kwamba mwongozo wa kusahihisha ndivyo unavyosema, na alama hazikurudi.

Jana usiku nimemkuta dogo anafanya swali jingine, safari hii jiwe limerushwa juu. Kaandika 10, kaifuta kwa ufutio mpaka karatasi ikachanika kidogo, kisha kaandika 0. Nikamuuliza mbona hivyo. "Kaka, najua siyo. Lakini ndiyo inayopewa alama."