MREJESHO: Dawa ya kusafisha utumbo kabla ya kapsuli yenye kamera

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kuimaliza dawa ya kusafisha tumbo kabla ya kumeza kapsuli ya kupima utumbo mpana, maana nilihofia nitaitapika. Kipimo kimeshafanyika.

Ushauri wa kugawa dozi, lita 2 jioni na 2 asubuhi, daktari aliukubali, na ndio ulioniokoa. Kuipoza kwenye friji na kuinywa kwa mrija kulisaidia pia. Ladha ya chumvichumvi iko palepale, msidanganyike, ila inapitika. Aliyesema nijipake mafuta ya mgando mapema kwenye njia ya haja kubwa, Mungu ambariki. Tangawizi haikunifaa kitu. Kichefuchefu kilitulia nilipopunguza kasi ya kunywa.

Nisilolitarajia: ukishameza kapsuli, dawa bado inaendelea. Kifaa cha kiunoni kinachopokea picha za kapsuli kilipolia kuonyesha kapsuli imeingia utumbo mwembamba, nikapewa dozi nyingine ya kuisukuma. Kapsuli haiwezi kumwaga maji wala kunyonya uchafu kama kamera ya mpira inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, kwa hiyo utumbo unatakiwa uwe safi kwelikweli.

Upande wa kulia na katikati umeonekana vizuri. Ila betri iliisha kapsuli haijafika mwisho, kwa hiyo sehemu ya chini itaangaliwa kwa kamera fupi ya mpira. Kapsuli yenyewe ilitoka kesho yake bila shida, na nilionywa nisiingie kwenye mashine ya MRI (ile ya kupiga picha kwa sumaku) kabla haijatoka.

Asanteni sana wote mlionijibu.