Darajani bila daraja: barabara irudishiwe jina lake?

Mwana wa Kikwajuni: Assalaam alaykum. Nauliza kwa nia njema. Barabara ya Darajani, hapa mjini Unguja, kwenye kibao ni Benjamin Mkapa, midomoni mwetu Creek Road mpaka leo. Kwa nini lisirudi hili la zamani? Hori lenyewe, ule mkono wa bahari ulioitwa "creek", limefukiwa, daraja halipo. Mtoto anapita hapo kila siku kwenda skuli, hajui kama chini ya miguu yake palikuwa pakijaa maji na kupwa. Jina la barabara likipotea, atakumbushwa na nini?

Sipendi Kelele: Yaani leo Mzanzibari anapigania neno la Kiingereza! Muingereza kaondoka 1963, sie bado tunamfutia vumbi vibao vyake. Na Mkapa kakukosea nini?

Mwana wa Kikwajuni: Sijasema kakosa.

Bi Shangani: Kijana hazungumzii Mkapa, anazungumzia maji. Bibi yangu, Mungu amrehemu, akisema "nakwenda ng'ambo" nikidhani anasafiri, kumbe anavuka hori tu, anakwenda kununua ndizi. Hori lilipita mashariki ya mji, maji yakijaa mji unakuwa kama kisiwa. Lilifukiwa kidogo kidogo, huku Mnazi Mmoja mwanzo, la mwisho 1957. Lakini jamani, hii historia wa kuililia ni wenye mji. Wenzetu wa ng'ambo mnakuja sokoni, mnabeba vikapu vyenu, hamjui hata mnakanyaga nini.

Fleti za Michenzani: Wenye mji! Hebu rudia tena, bi mkubwa, labda macho yangu. Waliogoma kulipa kodi ya ardhi 1928 walikuwa nani, hao wenye milango ya njumu? Walikuwa watu wa ng'ambo, wenye vibanda vya udongo na makuti. Na mawe ya hayo majumba yenu yalijibeba? Soko la Darajani lipo tangu 1904, siku ambayo watu wa ng'ambo na wa shamba hawakuja mtakula kuta. Hori lile halikuwa pambo, lilikuwa mpaka. Wamelifukia, mpaka umehamia vichwani mwenu.

Bi Shangani: Mwanangu, usinirukie. Nimesema vikapu, sijasema mtu.

Fleti za Michenzani: Kikapu kina mwenyewe.

Sipendi Kelele: Hapo kwenye vikapu bibi umeteleza, tena bila ya mvua.

Mzee wa Bububu: Nyie majina yanakushindeni kwa sababu mnayatunga ofisini. Kwetu hakuna aliyekaa kikao. Treni ilikuja 1905, inakwenda bu-bu-bu, basi ikawa Bububu. Mpaka leo hakuna aliyethubutu kutubadilishia.

Msoma Vikaratasi: Ami, samahani sana, hiyo ya treni ni ya baraza. Bi Salme bint Said, yule binti wa Sultani aliyezaliwa kwenye kasri la Mtoni, alikaa Bububu kabla hajaondoka Unguja 1866. Kaitaja mwenyewe kwa jina hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani 1886. Treni ilikuwa bado haijazaliwa.

Mzee wa Bububu: Babu yangu kaipanda hiyo treni. Wewe umepanda kitabu.

Msoma Vikaratasi: Kuipanda sikatai. Nakataa kuwa ndiyo iliyozaa jina. Kuna wanaosema ni sauti ya chemchem, na huko huko ndiko Sultani Sayyid Barghash alikovutia maji kuyaleta mjini. Tamka taratibu: Bububu, bubujika.

Mzee wa Bububu: Na mimi nikitamka taratibu nasikia treni.

Sipendi Kelele: Kwa hiyo shahidi wetu ni mtu aliyehamia Ujerumani?

Msoma Vikaratasi: Mtu akihama hasahau alikokuwa akiishi. Wewe umehamia Fuoni na bado unatupa habari za Malindi kila siku.

Mchakechake: Mie nacheka tu, yakhe. Mnatoana macho kwa hori lililofukiwa zamani, sie wa Chake Chake, Pemba, tunalo hori letu mpaka leo, mikoko imelijaa, hakuna hata anayeligeukia.

Mwana wa Kikwajuni: Jamani, niliuliza barabara. Kama Kiingereza ndicho kinachowasha, basi iandikwe Barabara ya Hori. Kiswahili safi, na maji yamo.

Fleti za Michenzani: Hori? Mtoto wako ataambiwa hapa palikuwa na hori, atauliza ng'ombe walikuwa wangapi. Hori wanalolijua wao ni la kulia majani.

Bi Shangani: Haya, ya ng'ombe nayo mtasema mimi ndiye niliyeyaanza.

Fleti za Michenzani: Hapana bi, hayo nabeba mwenyewe. Kwenye kikapu changu.

Mzee wa Bububu: Ninyi endeleeni na ng'ombe. Babu kaacha tiketi ya treni, imo kwenye kasha la marehemu mama. Kesho natoa, nipige picha, tumalizane.

Msoma Vikaratasi: Itoe, ami. Tena uisome vizuri. Kama imeandikwa Bububu, basi walioichapisha walikuwa na jina tayari kabla abiria hajapanda.