Degedege la Rayan, gumzo la majirani

Mama Zuhra (2:41 usiku): Jamani niko kwa mama Rayan mtoto kakakamaa macho yamegeuka juu, mama mtu analia hata simu hawezi kushika. Nani ana usafiri???

Baba Junia: Bajaji ipo nakuja sasa hivi

Bibi Chiku: Hilo ni dege. Mfukizeni, kinyesi cha tembo kwangu kipo. Hospitali msikimbilie, mtoto wa dege akichomwa sindano anaondoka

Nesi Neema: Mama Zuhra mlaze ubavu chini kwenye mkeka, legeza nguo. Mdomoni usimtie chochote, sio kijiko, sio maji, sio dawa. Usimkandamize. Na uangalie saa

Mama Zuhra: Kijiko kilishawekwa nimekitoa, fizi imechanika kidogo 😭 Mguu wa kushoto ulikua unagongagonga godoro, sasa umeacha, kalegea anakoroma. Kama dk 4 hivi

Nesi Neema: Akimaliza huwa analala hivyo, mwache hapohapo ubavu. Degedege la homa linawapata wa miezi 6 mpaka miaka 5 na mara nyingi linaisha lenyewe kabla ya dk 5, wala sio kwamba ana kifafa. Ila nendeni tu, maana huku kwetu inaweza kuwa malaria imepanda kichwani au homa ya uti wa mgongo na kwa macho huwezi kujua

Bibi Chiku: Neema mwanangu mimi nimezika mjukuu. Alichomwa nikiwa nimempakata, hata saa haikupita

Nesi Neema: Shikamoo bibi, pole sana. Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, wengi tulikua tunaletewa siku ya tatu, ameshafukizwa ameshaogeshwa dawa, damu imeisha sukari imeshuka, anachomwa ile sindano akiwa ndo anaondoka, basi watu wanaona sindano. Ugonjwa ulishamaliza kazi bibi. Na moshi kwa mtoto anayetafuta pumzi unamuumiza

Baba Junia: Tumefika mapokezi

Mama Asha: Da Neema kwani ningempa panadol mapema lisingekuja?

Nesi Neema: Panadol inampa nafuu ya homa mpe tu, kwa uzito wake sio kukadiria, ila degedege haizuii. Mama Rayan asijilaumu. Wewe wako akipata homa mvue sweta na blanketi, maji ya barafu hapana, halafu ukapime siku hiyohiyo

Mama Rayan (5:10 usiku): Kipimo kimetoa mistari miwili, malaria. Sukari ilikua chini sana wamemuwekea dripu, sindano ya kwanza ya atesuneti tayari, ya pili baada ya masaa 12 ya tatu kesho usiku. Kaamka kaniita mama kaomba maziwa. Asanteni jamani sijui niseme nini

Bibi Chiku: Alhamdulillah. Asubuhi naleta uji

Bibi Chiku: Neema. Huyu mdogo wa Mwajuma ana homa tangu jana na maziwa anakataa. Nilikua nasubiri kuche

Nesi Neema: Usisubiri bibi, mvalishe nguo nyepesi mtoke nae sasa hivi. Baba Junia uko wapi

Baba Junia: Nageuza hapa getini, bibi kaa barazani nakupitia