Ati "fungua yako"?! Yule bwana wa korongo leo simwachi

Mwalimu_wa_Bwaise:

Wakuu, sijalala. Ni saa kumi na moja alfajiri, chai imepoa, mbu wa Bwaise wamenishiba hadi wananihurumia.

Jina silitaji, mnamjua. Bwana wa korongo, yule mwenye nembo ya ndege. Nusu yenu mmejazana kwenye seva yake ya Mastodon tangu Facebook ifungwe hapa Uganda Januari 2021, na sisi wengine tukachoka kuishi kwa VPN, ile njia ya kuzunguka mtandao uliofungwa, kama panya wa dari. Alituita mwenyewe! Alipita kila kundi akihubiri: njooni huku, huku hakuna bosi mmoja wa mtandao mzima, kila seva ina mwenyewe lakini zote zinasalimiana, ni kama barua pepe, wewe uko kwa huyu, mimi niko kwa yule, na ujumbe unafika. Nikaamini. Nikahamia na godoro.

Sasa jana usiku niko katikati ya somo. Mnajua tangu baraza la mawaziri lipitishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lazima shuleni, kuna walimu wanajifunza usiku ili wafundishe asubuhi. Ninao 212 wanaonifuata kutoka ile seva ya jirani yake. Tuko kwenye ngeli ya LI-YA. Nimeandika "jicho". Nikaandika "macho". Kimya. Si swali, si salamu. Nikadhani umeme. Nikadhani bando. Nikapanda juu ya stuli na simu mkononi kama mtu anayetundika neti.

Kumbe bwana wa korongo ameikata seva nzima ya jirani! Walimu 212 wamefutika kama chaki. Nimewaacha na jicho moja.

Nikamwandikia kwa adabu: "Ssebo, samahani kwa usumbufu, naona walimu wangu wamepotea, kuna tatizo?" Samahani nimeomba MIMI. Akanijibu hadharani, watu wote wanaona:

"Fungua yako. 👍"

Banange! Maneno mawili na kidole gumba. Kidole gumba cha nini? Angeweka hata ngumi ningemwelewa.

Na sababu ya kukata? Jirani alisema nembo ya korongo inafanana na kuku aliyenyonyolewa. Basi, ni hiyo tu. (Inafanana. Siwezi kusema uongo alfajiri hii.) Watu hawa hawa wiki tatu zilizopita walikaa meza moja pale Ntinda, wakala muchomo kwenye sahani moja, halafu bwana wa korongo akashika maikrofoni akahutubia saa nzima kuhusu ActivityPub: kwamba W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, waliipitisha 2018, kwamba ni kiwango huria, kwamba seva yoyote ikikifuata inaongea na mwenzake bila kuomba ruhusa ya mtu. Nilikuwepo. Nilipiga makofi kwa mikono hii hii!

Halafu ananiambia fungua yako, yaani nianzishe seva yangu mwenyewe. Nifungue na nini? Niiweke wapi, kwenye kabati la vyombo? Mvua ikinyesha Bwaise hata kitanda kinajifunza kuogelea. Na bado kidole gumba!

Rolex_Mayai_Mawili:
Siti ya mbele. Nani ana karanga?

Mama_Kikuubo:
Ni yeye?

Boda_wa_Wandegeya:
Nani mwingine.

Mama_Kikuubo:
Huyo mimi alinifungia siku mbili kwa kuandika "habari za asubuhi" saa saba mchana. Ati naeneza taarifa potofu.

Fundi_Nyaya:
Mwalimu, tulia nikueleze. Kwenye Mastodon msimamizi ana njia mbili. Anaweza kuipunguzia sauti seva nyingine: hapo wafuasi wanabaki, ila asiyewafuata watu wa kule hawaoni. Au anaisimamisha kabisa: hapo ufuasi unakatwa pande zote mbili, na hata wakipatana kesho, hakuna mfuasi anayerudi mwenyewe, kila mmoja itabidi akufuate upya. Kiwembe kilikuwepo, yeye akachukua panga. Ushauri wangu, hamisha akaunti. Wafuasi uliobaki nao watahama na wewe. Machapisho ndiyo hayahami.

Mwalimu_wa_Bwaise:
Yaani masomo yangu ya miaka miwili yanabaki kwa korongo?

Fundi_Nyaya:
Yanabaki.

Mwalimu_wa_Bwaise:
Na kidole gumba?

Fundi_Nyaya:
Nacho.

Wa_Mwanza:
Samahani, nimesoma mara mbili kuhakikisha. Mganda anafundisha Kiswahili?

Mwalimu_wa_Bwaise:
Ndiyo. Mimi ni wa Arua, Kiswahili nimekikuta nyumbani, kimekaa kwenye mkeka.

Wa_Mwanza:
Hongera mkuu. Ila "mbu wamenishiba" ni Kiswahili cha mkeka gani?

Mwalimu_wa_Bwaise:
Njoo Bwaise uwasahihishe wenyewe.

Mzee_wa_Jinja:
Wanangu, zamani hapa Kampala ukisikia Kiswahili cha askari usiku unaingia uvunguni mwa kitanda kwanza, maswali baadaye. Leo mtu anakosa usingizi kwa sababu somo la Kiswahili limekatika. Acha nife nikiwa nimeona.

Rolex_Mayai_Mawili:
Mzee usife, uzi bado mbichi.

Kipepeo_Mbishi:
Mimi namtetea bwana wa korongo. Seva ni yake, bili ni yake. Hata 2023 Meta, wenye Facebook, walipoleta mtandao wao wa Threads na kusema itaongea ActivityPub, wasimamizi kibao wa seva ndogo waliapa kuifungia kabla haijabisha hodi. Kukata ni haki ya msimamizi.

Mwalimu_wa_Bwaise:
Wale walikata jitu zima la Marekani. Huyu amekata walimu wa shule ya msingi kwa ajili ya KUKU!

Fundi_Nyaya:
Kipepeo, haki ipo, sibishi. Lakini kiwango huria ni barabara tu, hakimlazimishi mtu kukaribisha wageni. Kumbukeni Google Talk, ile ya kuchati, ilikuwa inasalimiana na seva za watu wengine kwa XMPP, itifaki huria ya ujumbe. 2013 wakaleta Hangouts isiyosalimiana na yeyote, na ule mlango ukafungwa polepole. Itifaki ilikuwa nzima, aliyechoka ni mwenye nyumba.

Mwalimu_wa_Bwaise:
Angalau hao hawakutuma kidole gumba.

Boda_wa_Wandegeya:
Nyie mnalilia ukuta wa mtu mmoja. Mmesahau 2018 tulivyokuwa tunalipa shilingi 200 kwa siku ndipo WhatsApp ifunguke? Ikaondolewa 2021, ikaja asilimia 12 ndani ya bando. Mwalimu, hiyo hasira yako yote hapo juu imelipiwa kodi. Ungeifupisha.

Mama_Kikuubo:
Tukisema kukatwa, mimi nisemeje? Wifi yangu amenitoa kwenye kundi la kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana ukweni. La kaka yangu mwenyewe! Kosa langu niliuliza hesabu ya viti. Tumechangia viti 300, wageni waliokuja 80. Nikauliza tu kwa upole, wifi, viti vingine viko wapi? Nikaona "umeondolewa".

Rolex_Mayai_Mawili:
😳 Viti 220 vilienda wapi?

Mzee_wa_Jinja:
Na hema je? Hema lilikuwa la watu wangapi?

Mama_Kikuubo:
Mzee wangu, la 500! Upepo ulikuwa unacheza mpira ndani.

Kipepeo_Mbishi:
Namtetea wifi. Viti vya akiba ni muhimu.

Boda_wa_Wandegeya:
Wewe Kipepeo unamtetea hata mbu.

Mwalimu_wa_Bwaise:
Jamani turudi kwenye mada. Huu uzi ni wa korongo.

Rolex_Mayai_Mawili:
Fungua yako. 👍

Mwalimu_wa_Bwaise:
WE ROLEX. Wewe nitakutafuta hadi kwenye sigiri.

Darasa_la_Mbale:
Mwalimu! Kumbe uko huku! Nimekutafuta usiku kucha, akaunti yako kwetu haifunguki. Baada ya jicho kuna nini? Ninaingia darasani saa mbili na watoto 90 wananisubiri.

Boda_wa_Wandegeya:
Majicho.

Wa_Mwanza:
Asante Uganda. Asubuhi yangu imekamilika.

Fundi_Nyaya:
Usicheke, majicho yapo. Ni macho makubwa ya kutisha.

Mama_Kikuubo:
Kama ya wifi nilipotaja viti.

Darasa_la_Mbale:
Kwa hiyo niandike majicho?

Mzee_wa_Jinja:
Mama Kikuubo, ngoja kwanza. Hivyo viti vilikuwa vya plastiki au vya chuma?