Mjadala: Mashindano ya gita Lubumbashi, vijana walazimishwe kupiga kwa vidole kabla ya blues-rock?

Mwanzisha mada, Kamalondo

Sizunguki mbuyu. Kikundi chetu cha wapiga gita hapa Lubumbashi kimegawanyika tangu mtu mmoja alete wazo kuhusu mashindano ya vijana: kila mshiriki aanze na kipande kimoja cha gita la zamani la Katanga, kwa vidole, bila umeme. Akishindwa, haruhusiwi kuchomeka waya na kuingia kwenye solo zake za blues-rock, ile blues ya Marekani iliyochanganywa na rock. Wanaoliunga mkono wanasema vijana wanapotea. Wanaopinga wanasema muziki hauna mipaka, basi. Mimi napinga, lakini sababu yangu si hiyo.

Kwamba blues-rock imeingia, hilo halina ubishi. Haikupitia redio, ilipitia simu. Nenda komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, Jumapili baada ya ibada. Mpiga gita wa kwaya akishamaliza kazi ya Bwana, vyombo vingine vikiwa vinakusanywa, yeye anabaki na gita begani, na anachojaribu ni wapiga gita wa Marekani: Joe Bonamassa, au Gary Clark Jr. wa Austin, au Christone Ingram wa Mississippi wanayemwita Kingfish. Juzi nilimsogelea mmoja nikaangalia mkono. Kidole cha tatu kinasukuma uzi wa pili kwenda juu, viwili vya nyuma yake vinaubeba pamoja nacho, sauti inapanda mpaka inagusa noti anayoitaka, halafu inatetemeka palepale. Ncha ya kidole imeota sugu. Huyo si mvivu, na hakuna mtu aliyempeleka shule.

Kwa nini hiyo, si gita la babu yake? Kwa sababu inafundishika kwa mbali. Blues ina vipimo 12, kodi tatu (noti zinazopigwa pamoja), ngazi ya noti tano. Kuna watu huko nje wamekaa mbele ya kamera wakaonyesha kidole kwa kidole, polepole, na ukikwama unarudisha nyuma. Sasa mtafutie kijana huyo mtu wa kumwonyesha hivyo mkono wa kulia wa Mwenda Jean-Bosco, mpiga gita wetu wa zamani wa Katanga. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Ukisikiliza wimbo wake “Masanga” utaapa ni magita mawili: dole gumba linatembea kwenye besi, kidole cha shahada kinaimba juu yake. Sauti kila mtu anaweza kuipata. Lakini maelezo ya mkono, kwa Kiswahili, kwa mtoto wa Katuba mwenye mega chache za intaneti za kuhesabu, yako wapi?

Huwezi kumtahini mtoto somo ambalo hakuna aliyemfundisha. Karibuni.

Papa wa Katuba

Mdogo wangu, umesema vizuri lakini umewabembeleza. Sisi tulifundishwa na nani? Tulikaa nyuma ya wakubwa kwenye matanga na kwenye baa, tukaiba kwa macho. Mzee akikuona unaangalia sana mkono wake, anageuka upande. Ndiyo ilikuwa shule. Na Mwenda, mtoto wa Bunkeya, aliitwa mpaka tamasha la Newport kule Marekani mwaka 1969. Unadhani walimwita akawapigie blues yao? Walimwita kwa kile ambacho kwao hakikuwepo. Leo mtoto wa hapa akipiga kama Bonamassa, hata akimfikia kabisa, Mmarekani atamwita wa nini, na Bonamassa yuko? Sheria ibaki.

Mwana Bel-Air

Jamani, blues yenyewe ni ya Afrika. Ilivuka bahari na watumwa. Watoto wanarudisha mali nyumbani, hakuna cha kubishana.

Mama mwalimu, Kampemba

Bel-Air, hilo kila mtu analisema na halisaidii mjadala. Waliovuka walivuka kutoka sehemu nyingi, na wanaotafuta mizizi ya blues macho yao huenda zaidi Sahel kuliko kwetu. Ali Farka Touré wa Mali alipokaa na Ry Cooder, mpiga gita wa Marekani, wakatoa “Talking Timbuktu” mwaka 1994, kila mtu alisikia undugu. Weka “Masanga” pembeni ya blues ya Mississippi, utasikia kitu kingine: sauti inacheka, haivutwi, haililii. Gita letu lilikua na reli iliyofika hapa 1910, na makambi ya wachimbaji waliotoka kila upande, na sahani za muziki wa Kuba zilizosambaa Kongo kuanzia miaka ya 1930. B.B. King, mfalme wa blues wa Marekani, alipokuja Kinshasa mwaka 1974, kwenye tamasha la kabla ya pigano la ngumi la Ali na Foreman, alikuja mgeni, tukampokea kama mgeni. Mtu anaweza kupenda muziki wa mgeni bila kutafuta ukoo naye.

Fundi wa magita, Ruashi

Nyinyi mnaongea historia, mimi niongelee nyuzi. Magita yanayoletwa kwangu, nusu yana waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi uliokatika. Ule waya huwezi kuuvuta kama Kingfish. Ukiulazimisha unakata kidole, au unang’oa daraja la gita. Kuna atakayeniambia Stevie Ray Vaughan, mpiga blues wa Texas, alipiga nyuzi nene sana. Ndiyo, lakini alizilegeza nusu noti, zilikuwa nyuzi za gita, na mikono yake ilikuwa mikono yake. Kijana wa hapa anayetaka kuvuta noti anahitaji seti nyembamba, na seti nyembamba inakatika upesi. Anarudi kwangu kabla ya mwezi kuisha. Mimi nafurahi, mama yake hafurahi.

Halafu ampli, ile ya kukuza sauti ya gita. Umeme ukienda saa moja jioni, Bonamassa wako ananyamaza. Mpiga vidole anaendelea mpaka mtu amfukuze. Kwa hiyo kwangu gita la vidole linashinda kwa bei, siyo kwa urithi.

Msikilizaji tu, Likasi

Swali la mtu wa pembeni: huo umaarufu ni wa kweli? Nikienda baa sisikii blues-rock. Nasikia sebene, gita letu la kuchezea dansi, na siku ya bahati nasikia karindula, lile banjo kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi, uwanja mzima unasimama. Nani analipia solo ya dakika sita?

Mwanzisha mada

Mkubwa wangu wa Likasi, hapa hakuna anayelipia, bado. Huko kwao analipa msikilizaji mwenyewe. Bonamassa hakusubiri redio wala kampuni kubwa. Yeye na meneja wake wana kampuni yao, wanatoa sahani zao, wanakodi kumbi wenyewe. Alipopiga Royal Albert Hall ya London mwaka 2009, Eric Clapton, gwiji wa gita wa Uingereza, alipanda jukwaani kama mgeni wake. Ni umaarufu wa watu wachache wanaopenda kweli, wametapakaa dunia nzima. Karindula ingeweza kuwa na watu kama hao, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Papa wa Katuba, mzee anayegeuza mgongo ili asiibiwe, leo tumeachiwa nini naye?

Papa wa Katuba

Tumeachiwa mimi.

Mama mwalimu, Kampemba

Haya, Papa, jibu zuri. Lakini sikiliza habari ya huyo Kingfish mnayemtaja kama kwamba alianguka kutoka mawinguni. Alizaliwa 1999 Clarksdale, mji mdogo wa Mississippi. Alianza akiwa mtoto, kwenye masomo yanayotolewa na makumbusho ya blues ya palepale mjini. Waliomfundisha walikuwa wanamuziki wa mtaani kwake. Wanamshika mtoto mkono: hapa, si hapo. Sahani yake ya “662” aliipa jina kwa namba ya simu ya eneo lao, na ilichukua Grammy mwaka 2022. Hakuna aliyemlazimisha kupenda ya kwao. Walimpa mwalimu, gita, na siku ya kuja.

Sisi tuna makumbusho ya taifa hapahapa mjini. Tuna chuo kikuu. Tuna Halle de l’Étoile, ukumbi wa utamaduni wenye jukwaa. Kipi kati ya hivyo kina siku ambayo mtoto wa Ruashi anaingia na gita na kumkuta mzee anamsubiri?

Mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Samahani wakubwa, mkono wa Mwenda umeandikwa. Mtafiti David Rycroft alizitoa nyimbo zake kwa nota mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye jarida la “African Music”.

Mwanzisha mada

Najua, mdogo, na ni kazi ya heshima. Ni Kiingereza na nota za karatasi. Mpiga gita wa kwaya hasomi hata kimoja kati ya hivyo viwili. Kazi kwako: chukua ukurasa mmoja tu wa Rycroft, kaa na Papa wa Katuba, mwambie apige, uone wapi karatasi na mkono vinakubaliana.

Kuhusu mashindano, pendekezo langu ni hili. Mwaka huu kipande cha vidole kiwe cha hiari, chenye zawadi yake. Fedha iliyotengwa kwa chakula cha majaji iwalipe wazee wawili wafundishe Jumamosi, simu ikirekodi mkono wa kulia kwa karibu. Mwaka ujao tukitaka kulazimisha, tutakuwa na haki.

Fundi wa magita, Ruashi

Nyuzi natoa mimi kwa bei ya kununulia. Waya wa breki siuoni tena mbele ya mzee.

Papa wa Katuba

Sheria mimi bado naitaka, msije mkasema nimelegea. Jumamosi nipo, baada ya saa nane. Lakini mzee alipwe kabla simu haijawashwa, siyo baada. Na huyo anayepiga Bonamassa pale Kenya naye aje. Kidole chake cha tatu nimekisikia, nataka kuona dole gumba linafanya nini.

Msikilizaji tu, Likasi

Na ambaye nauli ya kutoka Likasi hana?