Tupeane uzoefu: Kuhudumia wahitaji parokiani, Nairobi

Mwanzisha mada
Tumsifu Yesu Kristu. Walio Vinsenti (Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo), Caritas (idara ya Kanisa ya misaada) au kamati za jumuiya ndogondogo, tupeane mbinu zinazofanya kazi kuanzia barua ya mwenyekiti wa jumuiya inayomtambulisha mhitaji hadi mlangoni mwake.

Ghalani
Milele, amina. Chakula kipimwe kwa moto ulio nyumbani. Maharagwe makavu huchemka saa mbili na zaidi. Anayenunua makaa kwa mkebe hatayaivisha, atayauza. Ndengu ni afadhali, huiva chini ya saa moja bila kulowekwa. Bale ya unga ina pakiti 12 za kilo mbili, na nyumba ya watu watano wanaokula ugali kila siku humaliza pakiti haraka sana, kwa hiyo pakiti moja kwa mwezi ni salamu tu. Mahindi ya gunia yapimeni unyevu kabla ya kupokea. Yakizidi asilimia 13.5 huota kuvu, na sumu yake haitoki kwa kupika. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Katibu wa Vinsenti
Kutembelea nyumbani ndio moyo wa kazi yetu tangu mwanzilishi wetu Frédéric Ozanam na wenzake walipoanza Paris mwaka 1833. Nendeni wawili. Mukuru, mtaa wa mabanda, msiende asubuhi ya siku ya kazi: watu wameshatoka alfajiri kutafuta kibarua Industrial Area, mtawakuta watoto peke yao. Jumapili baada ya Misa inafaa. Fomu msiijaze mbele ya majirani, na picha msipige kabisa. Mama wa watu ana heshima yake.

Re: kodi ya nyumba
Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kamati hulipa mwezi mmoja huku deni ni la miezi mitatu, na baada ya wiki mbili kufuli ya keateka (msimamizi wa nyumba) imerudi mlangoni. Ulizeni deni lote kwanza, mwombeni mwenye nyumba apunguze, mpange awamu kwa maandishi, kisha mlipe moja kwa moja kwake na mchukue risiti yenye namba ya chumba.

Mwanzisha mada
Asanteni. Na wazee?

Katibu wa Vinsenti
Aliyetimiza miaka 70, ulizeni kwanza kama ameandikishwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kinachowakwamisha wengi ni kitambulisho kilichopotea. Msindikizeni ofisi ya usajili wa watu akaombe kipya, mkilipia nauli yake na ya mjukuu anayemshika mkono.